Nati Kumi na Mbili za Porsche

Katikati ya viti viwili vya mbele vya Porsche 911 ya zamani, jirani na breki ya mkono, kuna wenzo mdogo wenye kirungu chekundu. Dereva akiuinua, baada ya dakika chache miguu hupata joto na ukungu wa kioo huanza kufutika. Asubuhi ya Julai pale Limuru, au usiku wa Januari mjini Stuttgart ambako gari lenyewe lilizaliwa, hiyo ni neema. Swali ambalo wenye magari hayo huchelewa kujiuliza ni hili: hewa hiyo imepita wapi kabla ya kuwafikia?

Imepita kwenye ekzosi. Injini ya 911, tangu gari la kwanza lililoonyeshwa Frankfurt mwaka 1963 hadi toleo la mwisho la mtindo huo mwaka 1998, ilipozwa kwa hewa na oili. Haina rejeta, na gari lisilo na rejeta halina maji ya moto ya kupeleka kwenye hita. Wahandisi wakalifuata joto pale lilipokuwa likimwagwa bure. Mabomba matatu yanayotoka kwenye silinda tatu za kila upande wakayavika koti la bati. Feni kubwa ya injini hupuliza hewa kati ya koti na mabomba, hewa hupata moto, hupita kwenye vali yenye kilango, kisha husafiri ndani ya kingo za chini ya milango hadi miguuni mwa dereva. Kwa Kiswahili cha vitabu kifaa hicho ni kibadilisha joto. Hapa kitaitwa boksi la joto, maana ndivyo kilivyo, na gari lina mawili: la kushoto na la kulia.

Mpango wenyewe ni wa werevu, lakini una sharti moja gumu. Kati ya moshi wa injini na pua ya abiria kuna unene wa bomba moja tu la chuma. Bomba hilo huwaka moto na kupoa kila siku, hurushiwa matope na maji, na kwa ndani huloweshwa na mvuke wenye tindikali unaogeuka maji kila gari linapoendeshwa safari fupi na kuzimwa kabla halijapata moto sawasawa. Chuma cha kawaida hakidumu milele katika mateso ya namna hiyo. Ulaya na Amerika Kaskazini huongezewa chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji. Mombasa na Dar es Salaam chumvi haihitaji kumwagwa. Inakuja na upepo.

Boksi la joto lina maradhi mawili, na ni vizuri kuyatofautisha kabla ya kutoa hata senti. La kwanza ni kutoboka kwa koti la nje. Hapo hasara ni joto: hewa inavuja njiani, hita inakuwa baridi, na mwenye gari anabaki kulalamika. Si jambo la kufa mtu. La pili ni kutoboka kwa bomba la ndani. Hapo moshi wa ekzosi unaingia kwenye hewa inayokwenda kwa abiria, na ndani ya moshi huo mna kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kichwa kinauma, usingizi unamjia dereva mchana kweupe, kichefuchefu kinafuata. Wengi husingizia jua au safari ndefu.

Harufu si kipimo cha kutegemea. Mara nyingi kinachonuka kwenye 911 ni oili inayovuja kwenye vifuniko vya vali vya chini, inadondoka juu ya boksi la moto na kuungua. Moshi wake hupanda, feni ikauvuta na kuupeleka ndani. Mwenye gari huagiza maboksi mapya kumbe alihitaji gasketi mbili. Na kinyume chake hutokea pia: gari halinuki chochote, huku bomba limeliwa na kutu.

Basi uchunguzi uanze chini ya gari. Boksi ligongwe polepole kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima hulia kwa sauti kali, kilichooza hutoa sauti ya bati lililochoka, na mara nyingine bisibisi yenyewe huzama. Mahali pa kuangalia kwanza ni kwenye maungio ya kuelekea sailensa na kwenye mishono ya chini, ambako maji hutuama. Kisha injini iwashwe ikiwa baridi, nje penye upepo, na masikio yategwe: mlio wa "pf, pf, pf" unaopungua injini inapopata moto ni dalili ya uvujaji. Kwa bomba la ndani lililofichwa na koti, njia rahisi ni kung'oa hozi ya hita kwenye boksi injini ikiwa imezimwa, kupuliza hewa kwenye mkia wa ekzosi kwa mashine ya vumbi iliyogeuzwa kuwa ya kupuliza, na kuweka kiganja kwenye mdomo wa boksi. Hewa ikitokea pale, hukumu imetoka. Kipimo kidogo cha kaboni monoksidi kinachotumia betri, kama vile vinavyouzwa kwa matumizi ya nyumbani, kikiwekwa ndani ya gari hita ikiwa wazi, kitathibitisha.

Hapa kuna hoja inayosikika sana katika nchi zenye joto: ya nini hita? Yang'olewe maboksi yote mawili, yawekwe mabomba matupu, gari liwe jepesi na mlio uwe mtamu. Hoja hiyo ina mashiko kwa gari la mashindano. Lakini hewa ya feni iliyokuwa ikienda kwenye maboksi lazima ipangiwe pa kwenda, na matundu ya kuingilia ndani ya gari lazima yazibwe kabisa, la sivyo vumbi na moshi wa chini ya gari hupata njia mpya. Vilevile kioo kitakachoshika ukungu kwenye mvua ya Kericho hakitajali kwamba Mombasa kuna joto. Kwa gari la barabarani, kurudisha mfumo kamili bado ndilo jambo la busara, na bei ya gari siku ya kuuzwa husema hivyohivyo.

Kuhusu maboksi ya kununua, kuna historia kidogo inayofaa kujulikana. Hadi katikati ya miaka ya 1970, maboksi ya 911 yalikuwa na mabomba yenye urefu unaokaribiana, yanayopitisha moshi bila kuubana. Kisha sheria za moshi na kelele zikakaza. Kwa soko la Marekani Porsche ilifunga kwa muda mitungi ya kuchomea moshi upya kwenye injini za lita 2.7, kuanzia California mwaka 1975, na joto la mitungi hiyo likachangia kuzichosha injini zile. Stadi za kufungia silinda ziling'oka kwenye kizimba cha magnesiamu, na sifa ya modeli hiyo ikaharibika hadi leo. Kwenye 911 SC ya 1978 hadi 1983, na Carrera 3.2 iliyofuata hadi 1989, moshi wa upande wa kushoto hupitishwa kwanza upande wa kulia kabla ya kwenda kwenye sailensa, na mzunguko huo huubana. Ndiyo maana wenye SC na Carrera 3.2 wengi hupenda kurudi kwenye muundo wa zamani, na kampuni ya SSI ya Marekani ilijipatia jina kwa kuutengeneza upya kwa stenlesi.

Lakini anayeagiza muundo wa zamani kwa gari la baadaye ajue kwamba haagizi maboksi peke yake. Sailensa ya sasa haitafungika. Itatakiwa ile ya kale yenye midomo miwili ya kuingilia. Mabomba ya oili upande wa kulia, yanayounganisha tangi, injini na kipoza oili, nayo hupita pale ambapo boksi jipya linataka kukaa, hivyo ni lazima yabadilishwe. Wapo walioshusha maboksi ya zamani Ijumaa jioni wakitarajia kuendesha Jumapili, wakagundua Jumamosi kwamba wanasubiri bomba moja la oili kutoka ng'ambo. Gari likakaa juu ya stendi mwezi mzima.

Upande wa pili wa soko wamo waigaji. Boksi la bei ya chini linaweza kukosa mapezi ya ndani yanayokusanya joto, likawa zuri kwa macho na baridi kwa miguu. Jambo hili linawahusu hata zaidi wenye Volkswagen Beetle, ambayo hutumia mpango uleule na vipuri vyake vya bei nafuu vimejaa. Boksi likifika, limulikwe tochi ndani ya koti kabla ya kulipiwa. Vilevile midomo yake ipangwe juu ya gasketi mpya kuona kama mashimo yanalingana. Boksi lililopinda milimita chache halitanyooshwa kwa kukaza nati, litaivunja stadi.

Stadi ndizo kiini cha kazi yote. Kila silinda ina stadi mbili za milimita 8 zilizozama kwenye hedi ya alumini. Silinda sita, stadi kumi na mbili, nati kumi na mbili. Nusu karne ya moto imezigeuza nati na stadi kuwa kitu kimoja. Baadhi ni nati za kawaida zinazofikiwa kwa spana. Nyingine ni nati ndefu za mviringo, zimejificha juu ya mashimo maalumu ya boksi, na hufunguliwa kutoka chini kwa ufunguo mrefu wa pembe sita wa milimita 8. Mtu anayekwenda kuzifungua kwa pupa, jioni moja, na spana ya kuazima, hajaanza kubadilisha maboksi. Ameanza kufungua injini yote, maana stadi ikikatikia ndani ya hedi na kuchimbuliwa vibaya, injini itashushwa.

Fundi mwenye uzoefu huianza kazi hii siku nne mapema. Kila jioni hunyunyizia kila nati mafuta ya kulegeza kutu, asubuhi huwasha injini ipate moto kidogo, huizima, akanyunyizia tena ikiwa vuguvugu ili mafuta yanyonywe ndani ya hesi. Siku ya kazi, gari hupandishwa nyuma na kukalishwa kwenye stendi imara, magurudumu ya mbele yamezuiwa kwa mawe au kabari. 911 imebeba injini yake nyuma ya ekseli, na uzito huo hauchezewi kwa jeki peke yake. Sailensa hutoka kwanza. Boliti zake za kwenye maungio kwa kawaida zimekuwa madonge ya kutu, na hapo hakuna haja ya upole: zikatwe kwa grainda, kwa sababu hazijashikamana na hedi.

Upole unaanza kwenye nati. Silaha yake ni moto, lakini moto mdogo wenye ncha, wa oksijeni na asetilini, unaolenga nati na kuiacha stadi. Nati ikiwaka nyekundu hutanuka, kutu hupasuka, na spana huizungusha robo, kisha hurudi, kisha robo tena. Kabla ya moto huo mafuta yote ya kunyunyizia yafutwe, mabomba ya petroli yakaguliwe, na mtungi wa kuzimia moto uwe mkononi mwa mtu wa pili, si ukutani. Kwa zile nati za mviringo, tundu la pembe sita lisafishwe kwa msumari hadi chini kabisa, kwa maana limejaa tope lililookwa, na ufunguo ugongwe kwa nyundo hadi ukae. Ufunguo ukiteleza mara moja, pembe sita zimekuwa duara, na mazungumzo yamebadilika.

Ikitokea stadi inazunguka pamoja na nati na kutoka nzima, fundi ashukuru Mungu na aende kwa inayofuata. Stadi mpya ni bei ya soda.

Na nati ikikataa? Hapa ndipo mafundi wazuri wanapotengana na wenye haraka. Boksi la zamani limekwisha kuhukumiwa. Halina thamani tena. Likatwe. Koti lichanwe kwa grainda, mabomba yakatwe karibu na hedi, hadi kila nati ibaki peke yake na kipande chake kidogo cha chuma, ikifikiwa kutoka pande zote. Nati inaweza sasa kupasuliwa kwa patasi au kupashwa moto bila kizuizi. Anayelionea huruma boksi bovu huishia kuitoa kafara hedi nzima.

Stadi ikikatika licha ya yote, kilichobaki nje, hata milimita tatu tu, huchomelewa nati mpya juu yake. Joto la kuchomelea lenyewe huilegeza, kwa kuwa alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Mara nyingi hutoka kwa jaribio la pili au la tatu. Imekatikia ndani? Keekee isishikwe kwa mkono huru. Kunatakiwa kiongozi cha chuma kinachofungwa kwenye stadi jirani ili tundu liingie katikati kabisa, kwa sababu keekee hukimbilia alumini laini na kuiacha stadi ngumu imesimama. Fundi asiye na kiongozi hicho akiri hivyo na kazi ipelekwe kwa mwenye karakana ya mashine. Kukiri huko ni nafuu kuliko hedi.

Maboksi yakishatoka, mwenye gari anaona jambo ambalo halionekani siku nyingine: tumbo la injini lote wazi. Mabomba manne ya kurudisha oili, mawili kila upande, yako usoni, na raba zake karibu zote huwa zimekakamaa. Kuna mabomba ya kukunjika yanayoingia bila kufungua injini. Huu ndio wakati wake. Vifuniko vya vali vya chini viko wazi, basi gasketi zake zibadilishwe na nafasi za vali zipimwe, milimita 0.10, injini ikiwa baridi. Vilango viwili vya hita vilivyoshikwa na kutu vilainishwe au vinunuliwe vipya, nyaya zake zivutwe kuona kama zinateleza. Hozi za hewa zilizochakaa zitupwe. Anayeyaacha haya kwa kubana matumizi atayarudia baada ya miezi sita, akidondosha oili juu ya maboksi mapya ya zaidi ya dola elfu moja.

Kufunga ni kazi fupi kwa aliyefungua kwa subira. Uso wa hedi usafishwe kwa mkono, bila kukwaruza. Stadi mpya ziingie, nati mpya zipakwe grisi ya shaba kwenye hesi ili atakayezifungua miaka ishirini ijayo asimlaani mtu. Gasketi ziwe mpya, zote sita. Gasketi iliyokwisha kubanwa mara moja haizibi tena. Boksi liinuliwe na watu wawili, nati zote sita za upande huo zishikizwe kwa vidole kabla ya hata moja kukazwa, kisha zikazwe kidogo kidogo kwa zamu, kutoka katikati kwenda pembeni, kwa spana ya torki na kipimo cha kitabu cha modeli hiyo. Nguvu za bega hazina kazi hapa. Sailensa hufungwa mwisho, baada ya maboksi kukaa yenyewe bila kusukumwa.

Mwasho wa kwanza ufanyike nje. Moshi mweupe utatoka, nao ni mafuta ya kiwandani na alama za vidole zinazoungua. Ukizidi dakika ishirini, kuna kinachovuja. Kisha wenzo mwekundu uinuliwe, milango ifungwe, na kipimo cha kaboni monoksidi kiachwe kwenye kiti cha abiria kwa robo saa huku injini ikinguruma na mtu yuko nje.

Gari hili lina deni la zamani na barabara za Afrika Mashariki. Lilishika nafasi ya pili katika Safari Rally mwaka 1972 likiendeshwa na Sobiesław Zasada, mwaka 1974 na Björn Waldegård, na mwaka 1978 na Vic Preston Mdogo, ambaye baba yake aliwahi kuyashinda mashindano hayo akiwa na Volkswagen Beetle mwaka 1954. Ushindi haukupatikana wakati huo. Waldegård alirudi na 911 mwaka 2011 katika Safari Classic, mashindano ya magari ya zamani, mwanawe akiwa msaidizi wake, na wakashinda. Mito ya msimu wa masika bado ipo, na chuma cha moto kikitumbukizwa kwenye maji baridi hakijali kama gari ni la bingwa au la mstaafu wa Karen.

Baada ya kilomita 500 hivi, gari liingizwe tena gerejini likiwa limelala usiku kucha, na nati zote kumi na mbili zikaguliwe kwa spana ya torki. Moja au mbili zitakuwa zimelegea kidogo. Hilo ni la kawaida.